Kutoka Mchezo wa Mtaani hadi Timu ya Taifa: Mwongozo Kamili kwa Mzazi, Kocha na Chipukizi

"Kocha, huyu atafika?" Mzazi huniuliza hivyo akiwa ameegemea mwamba wa goli, mtoto mwenyewe bado anahangaika na kamba za viatu. Nimefundisha watoto miaka mingi, na kwa mtoto wa miaka 11 swali hilo halina jibu. Watafiti waliokusanya rekodi za maelfu ya wanamichezo wa michezo tofauti walikuta kwamba takriban tisa kati ya kumi ya vijana waliofika kiwango cha kimataifa kabla ya miaka 18 hawakukifikia tena ukubwani. Ukiligeuza, linashangaza zaidi: takriban wanane kati ya kumi ya wakubwa waliofika kimataifa hawakuwa huko wakiwa vijana. Nyota wa chini ya miaka 17 na nyota wa kikosi cha wakubwa, mara nyingi, si mtu yule yule.

Ndiyo maana sitapoteza muda kukufundisha kumtambua bingwa mapema. Nitakuonyesha vivuko. Mwanamichezo hapotei sana akiwa katikati ya hatua. Hupotea anapovuka, kutoka kucheza tu hadi klabu, kutoka mwili wa mtoto hadi mwili wa mtu mzima, kutoka timu ya vijana hadi ya wakubwa. Australia walilisoma somo hili kwa uchungu. Walirudi kutoka Olimpiki ya Montreal ya 1976 bila dhahabu hata moja, na mwaka 1981 wakafungua taasisi ya taifa ya michezo mjini Canberra. Mwaka 2013 wataalamu wa taasisi hiyo walichapisha ramani ya safari yenye ngazi 10, kuanzia misingi, kupitia kipaji na kiwango cha juu, hadi umahiri. Ngazi tatu za mwanzo zote ni za misingi, na humo medali hazitajwi.

Hatua ya 1: Acha mtoto acheze, tena michezo mingi

Hadi miaka 12 hivi, mtoto anahitaji kukimbia, kuruka, kurusha, kudaka, kuogelea, kupanda na kuanguka bila kuumia. Jean Côté, mtafiti wa Kanada, aliigawa safari hii katika vipindi vitatu: kuonja michezo mbalimbali kati ya miaka 6 na 12, kupunguza na kubaki na michache kati ya 13 na 15, kisha kujitosa kwenye mmoja kuanzia 16. Tafiti za baadaye zimemuunga mkono. Ukiwalinganisha mabingwa wa dunia na wale walioishia kiwango cha taifa, mabingwa walianza mchezo wao mkuu wakiwa wamechelewa kidogo, walicheza michezo mingine zaidi utotoni, na maendeleo yao ya mwanzo yalikuwa ya polepole. Kwa vijana mambo hugeuka: anayeng'ara na miaka 14 ni yule aliyeanza mapema na mchezo mmoja tu. Hapo ndipo wazazi wengi wanapodanganyika.

Norwei wameliweka hili kwenye kanuni. Matokeo na misimamo ya ligi haitangazwi mpaka mwaka ambao mtoto anatimiza 11, na mashindano ya ubingwa wa taifa hayaruhusiwi kabla ya 13. Nchi hiyo ya watu milioni 5 na ushei iliondoka na medali 16 za dhahabu kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Beijing mwaka 2022.

Kipimo changu cha hatua hii hakihitaji kifaa. Mwambie mtoto aruke kutoka kwenye kidaraja kimoja cha ngazi atue kwa miguu miwili. Tazama magoti, usitazame umbali. Yakigongana kwa ndani, au kishindo kikisikika mpaka upande wa pili wa uwanja, bado hajajifunza kutua. Anayetua kimya, magoti yakielekea kule vidole vya miguu vinakoelekea, tayari ana akiba ambayo mchezo wowote utaitumia.

Kwa saa za mazoezi, kuna kanuni rahisi ambayo madaktari wa michezo ya watoto huitumia: saa za mazoezi rasmi kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto. Wa miaka 10, saa 10. Ongeza siku moja au mbili za kupumzika kila wiki, na miezi miwili au mitatu kwa mwaka mbali na mchezo wake mkuu, hata kama si mfululizo.

Hatua ya 2: Chagua kocha kabla ya kuchagua klabu

Jezi nzuri hazifundishi. Nenda uwanjani bila kutoa taarifa, kaa dakika 40 na uhesabu: mtoto mmoja ameugusa mpira mara ngapi? Amesimama kwenye foleni muda gani? Kocha anamsemesha nani, wale wazuri peke yao au hata yule anayejikwaa? Uliza pia nani anabaki na watoto mazoezi yakiisha. Mtu mzima asikae peke yake na mtoto mmoja kwenye chumba kilichofungwa, na ujumbe wa simu kwa mtoto upite kwa mzazi. Klabu inayokasirika kwa swali hilo, ondoka.

Hatua ya 3: Kivuko cha mwili

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo nilipokosea mwenyewe.

Nilikuwa na kijana wa miaka 13, winga, mrefu kuliko wenzake kwa kichwa kizima. Mbinu yetu ilikuwa moja: mpe yeye. Alikuwa anasukuma mpira mbele, anawapita mabeki kwa kasi, anafunga. Tulishinda vikombe. Alipofika 16 wenzake wakarefuka, kasi zikalingana, na ikagundulika kwamba mguu wa kushoto hajawahi kuutumia na kichwa hakuinua kamwe kutafuta pasi, kwani hakuwahi kuhitaji. Akakosa namba. Wenzake aliowaacha nyuma miaka mitatu kabla ndio waliochukua nafasi. Vikombe vile vilikuwa vyangu mimi, na aliyevilipia ni yeye.

Wasichana wengi hurefuka kwa kasi kubwa kabisa wakiwa na miaka 12 hivi, wavulana 14 hivi, lakini mmoja anaweza kutangulia au kuchelewa kwa miaka miwili. Ndani ya timu moja ya chini ya miaka 14 unaweza kuwa na mwili wa miaka 12 na mwili wa miaka 16. Juu ya hilo, kuna mwezi wa kuzaliwa. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada walionyesha kwamba wachezaji wa hoki ya barafu wa ngazi ya juu walikuwa wamezaliwa kwa wingi miezi ya mwanzo wa mwaka, kwa sababu tarehe ya kugawa umri ilikuwa Januari 1. Aliyezaliwa Januari anashindana na wa Desemba kama rika, ilhali amemzidi karibu mwaka mzima. Kocha akiona ukubwa husema "kipaji".

Fanya hivi. Kila baada ya miezi mitatu, asubuhi, mtoto asimame bila viatu, visigino vikigusa ukuta, macho mbele. Weka kitabu kigumu kichwani kikigusa ukuta, piga alama kwa penseli, pima hadi milimita. Tuseme alikuwa sentimita 151.2, sasa ni 153.4. Tofauti ni 2.2. Zidisha mara 4 upate kasi ya mwaka: 8.8. Ukivuka sentimita 7 hivi kwa mwaka, mtoto yuko ndani ya kivuko, na mambo matatu yatabadilika. Ataanza kuwa mzito wa miguu, atakosa mipira aliyoizoea. Si uvivu, mwili umerefuka kabla ubongo haujajua. Ataumia chini ya goti, pale msuli wa paja unapojishika kwenye mfupa, au nyuma ya kisigino; sehemu hizo za mfupa bado ni laini na zinavutwa. Na atakata tamaa.

Katika miezi hiyo punguza kuruka na mbio za kasi, ongeza ufundi, mizani na mazoezi ya nguvu mepesi yenye umbo sahihi. Maumivu yanayomfanya achechemee ni ya daktari, si ya kukandwa na kurudishwa uwanjani. Mara moja moja changanya timu kwa ukuaji badala ya umri: aliyekua mapema acheze na wakubwa ili ukubwa wake usimsaidie, aliyechelewa acheze na wenye mwili kama wake ili aonekane. Na usimkate aliyechelewa kabla hajakua.

Hatua ya 4: Kuchagua mchezo mmoja

Kwa michezo mingi, kati ya 14 na 16 panatosha. Jimnastiki na kuruka majini kutoka kwenye mbao ni tofauti. Hizo huanza mapema, na gharama yake kwa mwili inajulikana.

Ambaye hajapata mchezo wake akiwa na 16 asihesabiwe amechelewa. Mwaka 2007 Uingereza ilitangaza kutafuta watu warefu wasio na uzoefu kwa ajili ya michezo kama kupiga makasia. Helen Glover alikuwa mfupi kidogo kuliko kiwango kilichotakiwa, na amesimulia mwenyewe kwamba alisimama kwa ncha za vidole alipopimwa. Alianza kupiga makasia mwaka 2008, akiwa amevuka miaka 20. London 2012 alichukua dhahabu, na Rio 2016 akaichukua tena. Donald Thomas wa Bahamas alikuwa mcheza kikapu. Alianza kuruka juu mwaka 2006, na 2007 mjini Osaka akawa bingwa wa dunia. Nisieleweke vibaya: hawa hawakutoka kwenye kochi. Walikuja na miili iliyokwisha kujengwa na michezo mingine.

Hatua ya 5: Majaribio na mchujo

Kabla ya siku ya majaribio uliza watapima nini. Wengine wanataka mbio za mita 30, wengine wanataka mechi tu. Usiende na jeraha lililofichwa. Litafichuka ndani ya robo saa. Usijaribu siku hiyo kitu ambacho hujawahi kufanya. Waangaliaji wazuri hutazama unafanya nini baada ya kupoteza mpira, kwa hiyo kosa moja halikuondoi, kusimama na kushika kiuno ndiko kunakokuondoa.

Ukikatwa, uliza mambo mawili: nimekosa nini hasa, na lini mtanitazama tena. Andika majibu siku hiyo hiyo. Jibu la "endelea kujituma" si jibu. Omba lingine kwa heshima.

Kuhusu umri wa kughushi: FIFA ilianza kutumia picha za mashine za kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 mwaka 2009. Lakini hata asiponaswa, kijana wa miaka 19 anayecheza na wa 16 hajifunzi kitu. Anatafuna muda ambao angekuwa anapambana na wanaomzidi.

Hatua ya 6: Daftari la mazoezi

Nunua daftari la kawaida. Baada ya kila zoezi kijana aandike dakika, na ugumu aliousikia kuanzia 1 hadi 10. Zidisha. Wiki moja inaweza kuonekana hivi:

Jumanne, klabu: dakika 90 × 6 = 540
Alhamisi, klabu: dakika 75 × 5 = 375
Jumamosi, mechi: dakika 70 × 8 = 560
Jumla: 1,475

Wiki inayofuata mashindano ya shule yanaanza, kunaongezeka mechi mbili za dakika 60 zenye ugumu wa 8. Kila moja ni 480. Jumla inapanda hadi 2,435, zaidi ya nusu nzima juu ya ilivyokuwa, na hakuna kocha anayejua kwa sababu wa klabu na wa shule hawazungumzi. Majeraha mengi ya vijana niliyoyaona yalikuwa na wiki kama hiyo nyuma yake. Mpeleke kijana na daftari lake kwa makocha wote wawili, mmoja lazima apunguze.

Usingizi nao uandikwe: saa 8 hadi 10 kwa wa miaka 13 hadi 18. Kwa michezo ya mpira, zoezi la kupasha mwili linaloitwa FIFA 11+ huchukua dakika 20 hivi na, likifanywa angalau mara mbili kwa wiki, hupunguza majeraha kwa kiasi kikubwa. Halihitaji kifaa zaidi ya mpira.

Chakula kisipotosha kazi anayofanya kijana, mwili huanza kuzima baadhi ya shughuli zake: mifupa hudhoofika, homoni huvurugika, magonjwa madogo hayaishi. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hiyo jina rasmi mwaka 2014, na huwapata wavulana pia. Kwa msichana dalili iliyo wazi ni hedhi kukatika. Miezi mitatu bila hedhi ni sababu ya kwenda hospitali, na kocha yeyote anayesema "ni dalili ya mazoezi mazuri" amekosea kabisa.

Hatua ya 7: Karatasi, pesa na vipimo

Hapa matapeli ndipo wanapoishi. Kwenye soka, kanuni za FIFA haziruhusu uhamisho wa kimataifa wa mchezaji chini ya miaka 18 isipokuwa katika hali chache, kwa mfano wazazi wamehama kwa sababu zisizohusu mpira. Mtu anayeahidi kumpeleka mtoto wa miaka 15 akademi ya nje huku akidai familia ilipe kwanza, huyo anauza tiketi ya kutelekezwa. Wakala lazima awe na leseni, na hawezi kumfuata mchezaji mdogo mapema kuliko miezi 6 kabla ya umri wa kusaini mkataba wa kwanza wa kulipwa, tena kwa idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi. Mkataba wa aliye chini ya 18 hauvuki miaka mitatu.

Klabu ndogo nazo zijue haki yao. Mchezaji akihamia klabu ya nchi nyingine kwa ada, asilimia 5 ya ada hiyo hugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Lakini hulipwa klabu yenye kumbukumbu za usajili. Klabu nyingi hukosa fedha hiyo kwa sababu ya fomu ambazo hazikujazwa.

Dawa za kusisimua misuli: kanuni ya kimataifa ni kwamba kilichokutwa mwilini mwako ni chako, hata kama hukujua. Dawa ya mafua na unga wa virutubisho vinaweza kuwa na kitu kilichopigwa marufuku. Mgonjwa wa pumu au mwenye dawa za kudumu aombe kibali mapema. Mwanamichezo akishaingizwa kwenye kundi la kupimwa wakati wowote, atataja saa moja ya kila siku na mahali atakapopatikana. Makosa matatu ya taarifa hizo au ya kukosekana, ndani ya miezi 12, yanatosha kumfungia bila hata tone la dawa kukutwa.

Hatua ya 8: Kivuko kikubwa, kutoka vijana hadi wakubwa

Kijana aliyezoea kuwa wa kwanza anaingia kwenye chumba ambacho yeye ni wa kumi na nane. Hakuna anayembembeleza, mwenzake wa karibu ndiye anayegombea naye namba, na mara nyingi ni mwaka ule ule anaomaliza shule. Panga miaka miwili hadi mitatu ya kuvuka, na umwambie hivyo waziwazi kabla hajaanza. Kati ya klabu kubwa yenye benchi na klabu ndogo yenye dakika za kucheza, chagua dakika. Mazoezi ya nguvu yaongezwe kidogo kidogo. Masomo au ufundi usikatwe. Wengi wanaobaki kwenye mchezo ni wale ambao kushindwa kwa Jumamosi hakuondoi kila kitu Jumatatu.

Eliud Kipchoge alishinda mita 5,000 kwenye ubingwa wa dunia mjini Paris mwaka 2003, akiwa na miaka 18, mbele ya Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele. Ungedhani njia imenyooka. Mwaka 2012 alishindwa kuingia timu ya Olimpiki. Alihamia marathoni, akashinda ya kwanza yake Hamburg mwaka 2013, kisha dhahabu mbili za Olimpiki, na saa 2:01:09 mjini Berlin mwaka 2022. Kocha wake muda wote huo alikuwa yule yule, Patrick Sang, mshindi wa medali ya fedha ya kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki ya 1992.

Asiyekuwa na Sang jirani atafute ujuzi popote ulipo. Julius Yego alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za intaneti, na mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia kwa mita 92.72. Kinachosahauliwa katika hadithi hiyo ni kwamba katikati alipata ufadhili wa kwenda kufundishwa Ufini. Kwa hiyo tazama video, lakini andikia pia shirikisho la mchezo wako na kamati ya Olimpiki ya nchi yako uulize ufadhili wa mazoezi na tarehe za maombi. Uliza kila mwaka; ofisi hizi hubadilisha watu.

Kwa yule anayeshukia njiani

Wengi watashuka, na kivuko hiki nacho kinahitaji mtu wa kusimama hapo. Aliyekuwa akifanya mazoezi siku sita kwa wiki apunguze kwa miezi kadhaa, asiache ghafla. Mwili na usingizi vyote vitamsumbua. Mpigie simu wiki ya pili na ya sita, maana wiki ya kwanza kila mtu humpigia. Mwulize kama anataka kozi ya ukocha wa awali au ya uamuzi, na umpe kazi ya kweli: kundi la wa miaka 9, Jumamosi asubuhi, na filimbi. Winga wangu yule niliyekwambia alinijibu hapana mara mbili. Mara ya tatu alikuja akiwa amechelewa, akasimama pembeni, kisha akamwita mtoto mrefu kuliko wote na kumwambia siku hiyo mpira aupige kwa mguu wa kushoto tu.